Sauti Moja Kabla ya Muziki

Machi 3

Shikamoo Mjomba,

Natumai hujambo na mgongo umepunguza ukorofi. Mimi mzima. Nikisema mzima nina maana kwamba nakula na nalala, na asubuhi naamka. Zaidi ya hapo usiniulize, maana hata mimi nikijiuliza sipati jibu.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini tangu tumzike Mama, simu zetu zimekuwa zipi? Unasema "haya", nasema "haya", halafu tunasikilizana tunavyopumua hadi salio linakatika. Nimeona bora niandike. Kwenye karatasi mtu akinyamaza angalau haisikiki.

Nina jambo. Unajua kwamba okestra ya mji huu ilinichukua kwa majaribio ya msimu mmoja. Napiga obo, lile zumari jeusi jembamba ulilosema linalia kama bata mwenye mafua. Sasa, kabla ya onyesho lolote kuanza, kuna kazi moja ambayo ni ya obo peke yake. Ukumbi mzima unanyamaza. Mpiga fidla wa kwanza anasimama, ananigeukia, ananipa ishara kwa kichwa. Hapo natoa sauti moja, ndefu, iliyonyooka, na wenzangu wote wanalinganisha vyombo vyao na sauti hiyo. Basi. Kwa muda huo mtu hawezi hata kumaliza kufunga kamba za viatu. Na ndiyo hiyo inayonishinda.

Kwenye mazoezi naitoa bila shida. Muziki wenyewe naupiga, hata vipande ambavyo wakubwa wangu wanavikwepa. Lakini watu wakishaketi, taa zikapunguzwa, wakanyamaza wote wakinisubiri mimi, midomo inakufa ganzi. Sitetemeki wala sitoki jasho. Nakuwa kama nimebandikwa midomo ya mtu mwingine. Onyesho la Januari ilitoka pumzi tupu. La mwezi uliopita hata pumzi haikutoka, na msichana mwenye obo ya pili, anayekaa kando yangu, akaitoa yeye ili kuniokoa. Mimi humwita Pili, ingawa si jina lake. Ni mtu mwema, na kiti changu anakitaka. Yote mawili ni kweli, na simlaumu.

Kiongozi wetu, yule anayesimama mbele na kijiti, aliniita ofisini. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema, "Binti, wewe ndiye mlango. Mlango ukikwama, sote tumebaki nje." Amenipa hadi onyesho la kufunga msimu, mwezi wa sita. Nikishindwa, kiti ni cha Pili na mimi narudi nyumbani.

Nakuomba kitu kimoja. Kile kipande cha kupulizia, tete lenyewe, nalichonga mwenyewe kwa kisu kidogo na kulifunga kwa uzi. Nilikuwa natumia ule uzi wa kijani wa Mama, na umeniishia. Kuna mwingine kwenye droo ya cherehani yake. Ukipita nyumbani kwake, tafadhali nitumie.

Mpwa wako,
Chiriku


Machi 15

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, marahaba sana. Barua nimeipokea karakanani, nikaisoma nimesimama, halafu nikaketi nikaisoma tena. Mgongo ni ule ule. Tumezoeana sasa, kila mmoja anajua mwenzake hahami.

Nilikupa jina la Chiriku kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa unaongea hadi mama yako anakuomba upumzike kwa ajili ya afya yake. Leo naambiwa Chiriku hawezi kutoa sauti moja. Dunia hii haiishi vituko.

Nimefikiri sana kuhusu woga wako na nina ushauri. Kwanza, wachukulie hao watu kama vioo. Hapa karakanani nimezungukwa na vioo kutwa nzima, vimeegemea kuta zote, na kimoja hakijawahi kunitisha. Pitisha macho tu. La pili, kunywa maji ya vuguvugu. Tatu, kinyozi wa hapa jirani, ambaye nilimweleza habari yako bila kutaja jina, anasema dawa ya woga wa watu ni kuwaona wote wamenyolewa nusu ya ndevu. Anasema yeye mwenyewe ndivyo anavyowaona, na hamwogopi mtu.

Kuhusu uzi, sijapita pale. Kazi zimenibana. Kuna shule moja wamevunjiwa madirisha na mvua ya mawe, na mimi ndiye ninayeyatia vioo. Nikipata nafasi nitapita.

Mama wa nyumba ya pili, yule jirani wa mama yako, alinikuta sokoni akanisuta mbele za watu. Unakumbuka siku ya msiba, wanaume walipokuwa wanatoa lile kabati ili watu wapate pa kukaa, pembe ikapiga dirisha la sebuleni. Bado limezibwa kwa boksi la sabuni. Akasema, "Wewe fundi vioo mzima, dirisha la dada yako linatangaza sabuni?" Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Watu walicheka. Mimi nikanunua nilichofuata nikaondoka.

Jikaze, mwanangu. Hiyo ni sauti moja tu.

Mjomba wako,
Fundi Vioo


Machi 24

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi kusikia mgongo na wewe mmeelewana. Huku salama. Kumeanza joto, na chumba changu kiko juu ya duka la viatu, kwa hiyo harufu ya gundi inapanda nayo ngazi.

Nimejaribu ushauri wako wote, usije ukasema nimekudharau. Vioo vimekataa, Mjomba, kwa sababu kioo kinakurudishia sura. Nikiwatazama watu kama vioo, najiona mimi, ukumbi mzima, nimeshika obo na siwezi kupuliza. Maji ya vuguvugu yalinipeleka chooni. Habari ya ndevu nusu niliijaribu kwenye mazoezi, nikamtazama mpiga tarumbeta, nikakuta yeye kweli ana ndevu nusu. Mwambie kinyozi kuna kazi huku.

Lakini "sauti moja tu" usiseme tena. Nadhani unajua ilikoanzia.

Siku ile ya msiba, watu wameshaketi, ulinisogelea ukaniambia, "Mpigie mama yako kidogo." Nikatoa obo, nikaweka tete mdomoni. Watu wakanyamaza. Nikawa nausikia ukimya wao wakinisubiri. Hakikutoka kitu. Nakumbuka upepo uliingia kwenye lile dirisha lililovunjika, pazia likawa linamgusa mtu begani na yeye analisukuma, linarudi, analisukuma. Nilitazama pazia hilo muda mrefu. Halafu nikasikia mtu anaanza kuimba, na alikuwa wewe. Wewe, ambaye hata kwenye harusi unafungua mdomo tu ili watu wasikuone! Ulianza chini mno, katikati ukaruka juu mno, watu wakakufuata hivyo hivyo juu na chini, na mimi nikapata nafasi ya kurudisha obo kwenye kasha.

Sijawahi kukushukuru. Nakushukuru sasa. Ila ujue nashukuru kwa sababu najua inapasa, si kwa sababu nahisi. Sijalia, Mjomba. Hata tone. Wenzangu walifiwa wakalia wakapoa. Mimi nimebaki kama jino lililochomwa sindano, najua lipo kwa kuligusa na ulimi.

Nimewaza tufanye hivi. Wewe hujaingia nyumba ile. Usinitajie shule na mvua ya mawe, wewe hukosi saa moja ya dirisha moja. Na mimi sijatoa sauti ile. Ingia, utie kioo, nami nitatoa sauti. Aprili 17 tunawapigia watoto wa shule, onyesho dogo la mchana. Anza wewe, kisha mimi. Ahadi ni deni.

Mpwa wako,
Chiriku


Aprili 4

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Kioo nimetia. Kinene, kisafi, hakina hata povu moja. Na uzi huu hapa, nimeutoa kwenye droo kama ulivyosema.

Zamu yako.

Mjomba wako


Aprili 21

Shikamoo Mjomba,

Habari za huko? Za huku ni kwamba nimeshindwa.

Watoto walikuwa wamevaa sare, wamepangwa kuanzia wafupi. Walimu wao wakawaambia "shhh", na wakatii kuliko watu wazima wanavyotii. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Fidla wa kwanza akasimama, akanipa kichwa. Nikaweka tete mdomoni. Midomo haikuwepo. Nikakaa hivyo nimevuta pumzi, pumzi ikiwa ndani haina pa kwenda. Kwenye mstari wa mbele mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Kimeharibika?"

Lilikuwa swali zuri. Pili akatoa sauti yeye. Baada ya hapo muziki wote niliupiga, na watoto walipenda. Kiongozi alinipita mlangoni akatazama sakafu.

Sasa kuhusu uzi. Mjomba, uzi ulionitumia bado una karatasi ya duka. Mama hakuacha karatasi kwenye kidonge cha uzi hata siku moja. Alikuwa anaibandua kwa kucha kabla hajafika nyumbani. Na uzi wake aliupitisha kwenye nta ya mshumaa, ukiushika unateleza kidogo na vidole vinabaki na harufu. Huu wako ni mkavu. Nilijua tangu nilipofungua bahasha kwamba hujaingia ndani, na kwamba hakuna kioo.

Sikuandika kukuambia. Nilifikiri nitakaa nalo tu. Na sisemi kwamba ndiyo sababu nilishindwa, ningeshindwa hata ungejenga nyumba upya. Nasema ili usihangaike kunisimulia kioo kinavyong'aa.

Sina hasira. Ningependa kuwa nayo, angalau ingekuwa kitu.

Mpwa wako,
Chiriku


Mei 2

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Sijui nikuulize hali kwa uso gani, lakini nakuuliza.

Njia ya mwongo fupi, na yangu haikufika hata kwenye kona. Ukweli ni huu. Nilikwenda hadi mlangoni na ufunguo mkononi, na kioo nimekibeba kwapani kimefungwa blanketi. Nikasimama. Mama wa nyumba ya pili akatokeza, akaniona, akaingia kuniwekea chai. Nikajua nikiingia pale, nikatia kioo, basi nyumba itakuwa imepona na haina mtu. Dirisha bovu linafanana na nyumba ambayo mwenyewe katoka kidogo. Nikageuza, nikapita duka la uzi. Chai ya watu nikaiacha.

Uliposhindwa, nilijua na mimi nimo. Jumapili nikaingia.

Sitakueleza yote. Vumbi lipo la kutosha. Cherehani iko pale pale, imefunikwa. Juu ya kifuniko nimekuta suruali yangu, ile ya kijivu. Nilimpelekea apunguze miguu, nikaisahau. Mguu mmoja ameshaupunguza, ameupinda vizuri na kuushona kwa mkono, huwezi kuona mshono. Mguu wa pili una pini tu.

Nikaketi sakafuni na suruali mapajani, nikasubiri kulia. Nilisema, haya, sasa mlango upo wazi, njooni. Machozi hayakuja. Nikakaa kama mtu aliyefika kituoni basi limeshapita, hana pa kwenda na hana haja ya kukimbia. Baadaye nikainuka nikapima dirisha. Nikaandika. Nikapima tena, ikatoka tofauti. Mimi! Mara ya tatu ikatoka tofauti na zote mbili. Nikakunja futi, nikafunga mlango.

Kwa hiyo kioo bado, na leo sikudanganyi. Lakini uzi huu ni wenyewe. Umebaki nusu, sindano imechomekwa humo, sijaichomoa. Kuwa mwangalifu na kidole.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hatukutimiza wote wawili, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Tuanze upya.

Hilo onyesho la kufunga ni tarehe ngapi? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Mwongo


Mei 13

Shikamoo Mjomba Mwongo,

Uzi umefika. Niliunusa kabla sijausoma waraka wako. Nimefunga nao matete mawili, na moja ni zuri, linaitika hata ukilipumulia kwa mbali. Kidole nilijichoma hata hivyo. Damu ilitoka kabla sijahisi.

Habari ya suruali nimeisoma mara nyingi. Itunze.

Onyesho ni Juni 8, Jumamosi alasiri. Tafadhali usije. Si kwamba sikutaki. Nikikuona pale nitaona siku ile nyingine, na midomo itakufa hata kabla ya taa kuzimwa. Na wewe ukiona nimekwama utaanza kuimba, nakujua.

Mwenye chumba ameniuliza kama nitaendelea kukaa kuanzia Julai, kwa sababu kuna mtu anakitaka. Nimemwambia nitamjibu tarehe 9. Vitabu nimeshavipanga kwenye boksi. Si kukata tamaa, ni ili nisipange nikiwa na haraka.

Mpwa wako,
Chiriku


Juni 10

Mjomba,

Leo naanza na swali, salamu zitafuata: Jumamosi alasiri ulikuwa wapi?

Shikamoo. Natumai hujambo, na kama ulisafiri, natumai ulisafiri salama. Nitakusimulia kana kwamba hukuwepo.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa nguo nyeusi kama wenzangu wote, na viatu vipya ambavyo mwenye duka la chini aliniazima. Cha kushoto kilikuwa kinabana. Tete la uzi wa kijani nililiroweka kwenye kikombe cha maji hadi likalainika. Tukaketi. Taa zikashuka. Watu wakanyamaza. Fidla wa kwanza akasimama, akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa, akanipa kichwa.

Midomo ikafa ganzi. Ile ile, kwa wakati ule ule. Nikamwona Pili pembeni anainua obo yake taratibu, akiwa tayari.

Mjomba, tangu Januari nimekuwa nikisubiri ganzi itoke ndipo nipulize. Safari hii nikaona haitoki, na watu wamekaa. Nikapuliza nayo. Ni hivyo tu, hakuna kingine. Watu watataka niseme nilimwona Mama au nilisikia sauti yake. Niliwaza kwamba kiatu cha kushoto kinanibana. Sauti ikatoka nyembamba, ikayumba kama mtoto anayejifunza kusimama, halafu ikanyooka. Nikaishika. Fidla wa kwanza akaipokea, wakaja wengine, wakaja chelo na tarumbeta, ukumbi ukajaa ile fujo ya watu wote wanaolinganisha vyombo. Ikapungua, ikaisha. Kukawa kimya, Kiongozi bado yuko nyuma ya pazia.

Ndipo huko nyuma kabisa mtu akapiga makofi.

Mtu mmoja. Makofi mazito, ya viganja vikavu. Kwa kulinganisha vyombo, Mjomba! Hakuna mtu anayepigia makofi kitu hicho, ni kama kumshangilia mpishi kwa kuwasha jiko. Watu wakageuka. Wengine wakacheka, wengine wakadhani wamepitwa na jambo wakapiga pia. Na Kiongozi, kusikia makofi, akafikiri ndiyo ameitwa. Akatoka mbio huku anafunga kishikizo cha mkono wa shati, akapanda mahali pake, akainua mkono, akakuta kijiti amekisahau ndani. Akarudi kukifuata. Ukumbi ukavunjika mbavu. Pili aliweka obo mapajani akacheka hadi akafunika uso.

Na mimi nikacheka. Nilipocheka nikahisi mdomo wangu. Uliniuma, kama mguu uliokaliwa damu inaporudi. Ukaendelea kuniuma hivyo hadi mwisho wa onyesho, na kila nilipopiga niliisikia sauti inapotokea. Wala sijui kama nilipiga vizuri. Nilikuwa nalia, nadhani. Tete lilikuwa na chumvi.

Kiti ni changu. Kiongozi alinishika mkono akasema hivyo mbele ya Pili, na Pili alinikumbatia, na nilimhurumia kwelikweli. Halafu Kiongozi akaniuliza, "Yule bwana wa nyuma unamjua?" Nikasema bado nachunguza.

Nilikimbilia mlangoni. Bawabu akaniambia mzee mmoja alitoka kabla ya mwisho, hakutaka kuongea na mtu. Nikamwuliza alivaaje. Akafikiri, akasema, "Suruali ya kijivu. Mguu mmoja mfupi, mwingine anaukanyaga."

Jibu swali.

Mpwa wako,
Chiriku


Juni 19

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, mara mia. Mimi mzima, na safari hii nina maana ya mzima.

Nilikuwa ukumbini. Uliniambia nisije, nikaja. Uliniambia nisiimbe, na sikuimba. Nusu ya utii si haba kwa mtu wa umri wangu.

Usidhani sikujua. Ulinieleza kwenye barua yako ya kwanza kabisa: sauti moja, kisha wengine wanalinganisha, kisha ndipo muziki. Nilikuwa nimeikariri. Nilipoona yule wa fidla anasimama nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, mwenye kiti akageuka kunitazama. Ukakaa kimya. Nikafumba macho. Wimbo ulikuwa umeshanifika kooni, Mungu shahidi, niliung'ata. Halafu nikakusikia.

Walipomaliza fujo yao nikapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, mtu mzima mwenye adabu zake, akanigusa mkono akaniambia kwa upole, "Bado haijaanza, baba." Nikamwambia, "Kwangu mimi imekwisha." Nilikuwa nimesafiri kutwa kwa ajili ya sauti hiyo moja. Hayo mengine yote yalikuwa nyongeza. Yalikuwa mazuri, marefu kidogo.

Mwombee radhi Kiongozi wako. Sikumwita.

Niliondoka kabla ya mwisho kwa sababu nilianza kulia na sikuweza kuacha. Nilimlilia dada yangu kwenye ngazi za ukumbi wa watu, nikamlilia kituoni, nikamlilia kwenye basi. Kijana niliyekaa naye akaniachia kiti cha dirishani bila kuulizwa. Nilikuwa namkumbuka anavyonikaripia nisimame wima anipime suruali. Ninamtaka dada yangu, Chiriku. Ndilo neno lenyewe, na sikuwahi kulisema.

Asubuhi nilipofika sikupita karakanani kwanza. Nilikwenda pale na futi, nikapima dirisha. Nikapima tena, ikatoka ile ile. Kioo cha kwanza nilikikata vibaya kwa sababu macho yalikuwa bado yana maji. Cha pili kimekaa. Puti inayoshikilia kioo bado ni mbichi, ina alama ya kidole changu kwenye kona ya chini, nimeiacha. Mama wa nyumba ya pili alikuja akasimama nje, mimi nikiwa ndani, tukatazamana kupitia kioo. Akaniletea chai, nikainywa yote.

Najua neno langu kuhusu kioo halina thamani tena, kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta ushahidi: kipande cha lile boksi la sabuni. Lingine nimelichoma.

Msimu wenu ukiwa umefungwa, njoo nyumbani siku chache. Lala kwa mama yako, nitakuwa nimefagia. Na njoo na huo uzi wa kijani, kama umebaki. Mguu wa pili wa suruali nataka uupunguze wewe. Najua rangi haitafanana.

Mjomba wako